Simu ya Naipanoi

Mama yake Evarista Hhando aliwaambia wanawake wa jumuiya yao kule Mbulumbulu kwamba binti yake analinda kompyuta. Hakusema uongo. Ila wanawake wale walielewa ulinzi wanaoujua wao, wa koti zito na rungu, na kila Evarista alipokwenda nyumbani Jumapili, mmoja wao alimshika mkono nje ya kanisa na kumuuliza kwa huruma, "Wamekupangia zamu ya mchana au ya usiku, mwanangu?" Mwanzoni alikuwa anaeleza. Alieleza habari za wezi ambao hawavunji mlango, wanaoingia kupitia barua na namba, wakaondoka na siri za watu bila kugusa kitasa. Walimsikiliza kwa heshima, kisha wakamuuliza tena kuhusu zamu. Mwaka wa nne akaanza kujibu, "Ya mchana, mama," na maisha yakaendelea.

Alikuwa na miaka thelathini na minne. Alisomea usalama wa mitandao Dodoma, akafanya kazi benki Arusha miaka mitano, halafu baba yake akapata kiharusi. Kaka zake wakakaa kikao, wakaamua kwamba Evarista ndiye anayeweza kurudi karibu na nyumbani, kwa kuwa hana mume wa kumuomba ruhusa. Waliamua hivyo bila yeye kuwepo. Alikasirika wiki nzima, kisha akatafuta kazi Karatu, akaipata katika kampuni moja yenye hoteli tatu za wageni: mbili kwenye vilima vya kahawa juu ya mji, na moja karibu na lango la kuingilia Ngorongoro. Barua yake ya ajira ilimwita Mkuu wa Usalama wa Mifumo. Chini yake hakukuwa na mtu hata mmoja. Juu yake walikuwepo wote waliobaki.

Ndani ya kampuni ile kila kitu chenye waya kilikuwa chake. Printa ikikwama, Evarista. Televisheni ya chumba namba saba ikionyesha chengachenga, Evarista. Mpishi mkuu alimletea simu ya mkwe wake iliyoingia maji. Na katikati ya hayo yote alitakiwa kuhakikisha kwamba nakala za pasipoti za wageni, safari zao, maradhi yao, na tarehe ambazo nyumba zao huko kwao zinabaki tupu, haviangukii mikononi mwa mtu mbaya.

Siku moja alipita mapokezi akakuta paswedi ya mfumo wa bukingi imeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa pembeni ya kioo cha kompyuta, kwa kalamu nyekundu, ili isomeke vizuri.

"Goodness," alimwambia mkuu wa mapokezi, "hii tulikubaliana nini?"

"Dada Eva, tukiitoa tutasahau."

"Kila mtu nimempa yake. Kwa nini mnatumia moja wote?"

"Hii ni ya Mzee. Ya Mzee inafungua kila kitu, haisumbui."

Evarista aliibandua karatasi ile, akaikunja, akaitia mfukoni, akaenda kukaa kwenye gari dakika tano bila kuwasha injini.

Mzee ndiye Silvanus Qamara, mwenye kampuni. Alianza na turubai tatu na jiko la kuni, miaka ambayo wageni walikuwa wachache, na kila mti uliopandwa katika hoteli zake alijua nani alichimba shimo lake. Alikuwa mtu mkarimu, mwenye hasira za karibu. Hakuwa na subira na kitu asichoweza kukishika. Wizi wa saruji aliuelewa. Wizi wa barua zisizo na karatasi alikuwa akiuita "hayo mambo yako."

Mwezi Mei hayo mambo yake yakawa ya Mzee pia.

Mawakala wawili wa Ulaya wanaoleta wageni waliandika kulalamika wiki ileile. Wageni wao, waliokuwa bado hawajafika, walikuwa wanapata ujumbe kutoka kampuni nyingine iliyojua kila kitu: siku ya kufika, hoteli, idadi ya watoto, hata nani hali karanga. Iliwashawishi wahamie kwake. Mmoja wa wageni hao alikuwa mama mjane. Alikuwa ameiandikia hoteli kwamba anakuja kwa sababu marehemu mumewe alitamani maisha yake yote kuiona kreta ya Ngorongoro, na kwamba angependa chumba kinachotazama msitu, akae kimya. Kampuni ile ikamwandikia: tunakupa pole kwa kifo cha mume wako, sisi tuna chumba kizuri zaidi. Wakala aliambatanisha jibu la yule mama. Lilikuwa la mstari mmoja. Alikuwa anauliza nani mwingine anajua.

Evarista aliusoma mstari ule mara tatu. Alisikia joto la aibu usoni, kama vile yeye ndiye aliyekwenda kumgongea mjane mlango.

Asubuhi iliyofuata Mzee alimwita ofisini. Mezani palikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka kwenye kona, ndani ya kava ya shanga nyekundu na nyeupe. Evarista aliitambua. Ilikuwa ya Naipanoi, msichana wa mapokezi kutoka Soitsambu, aliyeajiriwa mwaka mmoja nyuma. Naipanoi mwenyewe alikuwa nje, amekaa kwenye benchi la wageni, mikono mapajani. Evarista alimpita akiingia.

"Huyo ndiye," Mzee alisema. "Binamu yake ni dereva wa kampuni nyingine. Na kazi ya kusoma maombi maalumu ya wageni ni yake. Fungua hiyo simu, tutoe ushahidi, tumalize."

"Nani ameichukua hii simu, Mzee?"

"Walinzi. Nimewaagiza mimi. Fungua."

"Siwezi."

"Huwezi, au hutaki? Mimi nimeajiri mtaalamu asiyeweza kufungua simu?"

"Naweza. Sitafungua." Evarista aliisogeza simu mbali na mkono wa Mzee. "Hii siyo simu ya kampuni. Kuna mama yake humo, kuna marafiki zake, kuna mambo yake. Nipe siku tatu nichunguze mfumo wetu. Kama barua zimetoka, zimetokea kwetu. Nitaona mlango."

"Kila siku unaniambia milango, milango! Mimi nakuonyesha mwizi, wewe unanionyesha mlango!"

Evarista aliichukua simu mezani, akatoka nayo, akamkabidhi Naipanoi. "Chukua simu yako," alimwambia.  Naipanoi aliipokea, akamtazama kama anayengoja sentensi ya pili, lakini Evarista alikuwa ameshageuka, asije binti yule akaiona hasira yake.

Kabla ya chakula cha mchana Naipanoi aliambiwa akusanye vitu vyake.

Kukataa kule kufungua simu ya mtu hakukutoka vitabuni. Baba yake, Bartolomeo, ndiye aliyekuwa akichukua barua za watu wa kijiji kwenye sanduku la posta la parokia, enzi ambazo simu zilikuwa za kupanga foleni. Alizibeba kwa baiskeli mpaka Mbulumbulu, na wasiojua kusoma aliwasomea, kila mmoja nyumbani kwake, mlango umefungwa. Alijua nani ana mtoto gerezani na nani ameandikiwa na mke aliyekimbia. Mara moja ndugu yake wa tumbo moja alimuuliza barua ya jirani inasemaje, na Bartolomeo akamjibu kwamba hakumbuki. Ndugu yule hakuongea naye misimu miwili ya ngano. Nyumbani kisa kile hakikuhubiriwa hata siku moja. Kilikuwa kinajulikana tu, kama inavyojulikana mipaka ya shamba.

Siku tatu Evarista alichimba. Alianza na sanduku la barua pepe la bukingi, akapitia kumbukumbu za nani aliingia, saa ngapi, kutoka wapi. Alikatizwa mara kumi na moja, alihesabu. Mara moja ilikuwa ni Goodness akiuliza kama kompyuta ikizimwa paswedi nayo inazimika. Hakukuta mtu wa nje aliyeingia. Kila aliyefungua sanduku lile alikuwa na haki ya kulifungua. Siku ya pili aliwaza, kwa uchovu, kwamba labda Mzee yuko sahihi, labda ni Naipanoi, na wazo lile lilimuuma kuliko alivyotarajia.

Siku ya tatu, kabla ya saa nne asubuhi, aliuona mlango. Ndani ya mipangilio ya sanduku lile, mahali ambapo watu hawana sababu ya kwenda, palikuwa na agizo dogo: kila barua inayoingia, nakala yake itumwe kimyakimya kwenye anwani fulani ya nje. Hapakuwa na haja ya mtu kuingia. Barua zilikuwa zinatoka zenyewe, moja baada ya nyingine, mchana kutwa, kwa miezi kumi na minne. Anwani ilikuwa ya Emilian, karani wa bukingi aliyeacha kazi na kuhamia kampuni nyingine Arusha. Aliliweka agizo lile wiki yake ya mwisho. Naipanoi wakati huo alikuwa hajaajiriwa.

Evarista aliruka kutoka kitini. Kisha akakaa tena polepole.

Kila mfanyakazi anapoondoka kulikuwa na orodha ya mambo ya kukagua. Orodha ile aliitunga yeye mwenyewe, na alikuwa amewasumbua watu wote wa ofisi ili waiheshimu. Alifungua faili la Emilian. Jambo la tisa: kagua kama kuna barua zinazotumwa nje. Pembeni palikuwa na alama ya vema, na chini ya alama, kwa mwandiko wake, E.H.

Aliikumbuka siku ile. Hoteli ya langoni haikuwa na mtandao, kundi kubwa la wageni lilikuwa limefika, na Mzee alikuwa amempigia mara saba kwa ajili ya televisheni ya mpira. Alikuwa amebakiza mambo matatu kwenye orodha. Akayawekea vema yote matatu, akakimbilia gari. Alikusudia kurudi kuyakagua, na hakurudi.

Miaka minne alikuwa akiwakemea watu kwa uzembe. Goodness na karatasi yake ya kalamu nyekundu hawakutoa siri ya mgeni hata mmoja. Yeye ndiye aliyeziachia siri za wote zitoke.

Alilifuta agizo, akahifadhi ushahidi wake, halafu akakaa akitazama kioo. Angeweza kuandika kwamba tundu limeonekana na kuzibwa. Ingekuwa kweli. Orodha ile katika kampuni nzima hakuna aliyewahi kuisoma zaidi yake. Alisimama, akatengeneza chai, akaiacha ikapoa, akarudi na kuandika taarifa ya kurasa mbili. Katika ukurasa wa pili aliandika: ukaguzi huu ulitiwa saini bila kufanywa, na aliyetia saini ni mimi.

Mzee aliisoma amesimama. Alipofika ukurasa wa pili alivua miwani.

"Hii umeiandika ya nini?"

"Ndiyo ilivyokuwa, Mzee."

"Nakuuliza, umeiandika ya nini? Nani angejua?" Alikuwa amekasirika kweli, lakini siyo kwa lile kosa. "Mimi hii karatasi natakiwa kuwapelekea mawakala. Niwaambie mtu ninayemlipa kulinda ndiye aliyeacha wazi? Andika wadukuzi. Andika Warusi. Hao wanadukua hata benki kubwa, hakuna atakayeshangaa."

"Hawakuwa Warusi. Alikuwa Emilian wa Endabash."

"Evarista!"

"Na wageni lazima waambiwe. Sheria ya taarifa binafsi inataka hivyo. Hata isingetaka."

Mzee alikaa. Aliteremsha sauti, na hapo ndipo ikawa mbaya zaidi. "Sikiliza, mwanangu. Yule msichana ameshaondoka. Yuko kwao. Watu wote wanajua ni yeye. Tukiacha hivyo, wewe unabaki na heshima yako, mimi nabaki na mawakala wangu. Yeye kijana, atapata kazi nyingine. Nakusaidia hapa."

Evarista alijua kwamba anasaidiwa kweli. Mzee alimjua baba yake, alikuja na mchele na sukari alipougua. Ndiyo maana hasira ilimpanda mpaka macho yakamwasha.

"Kama taarifa itatoka na jina la Naipanoi," alisema, "mimi nitaandika ya kwangu na kuituma mwenyewe. Na barua ya kuacha kazi nitaiweka juu yake."

 Siku mbili Mzee alipita karibu naye bila salamu. Siku ya tatu taarifa ikaenda kwa mawakala kama ilivyoandikwa, na Evarista akapewa barua ya onyo, ya kwanza maishani mwake. Aliisaini. Aliona ni haki, na bado ilimuudhi kuiona ikichapishwa na ile printa aliyokuwa ameitengeneza jana yake.

Jumamosi alipanda basi la Loliondo linalopita Karatu alfajiri. Lilipanda ukingo wa kreta ndani ya ukungu, likashuka upande wa pili kwenye uwanda wa jua na vumbi, na njia nzima alitunga maneno ya kuomba radhi na kuyafuta.

Alimkuta Naipanoi nje ya nyumba ya mama yake, Soitsambu, akiosha vibuyu vya maziwa. Mama, aliyeitwa Nanyori, alitoka akajikinga jua kwa kiganja.

"Takwenya," alisema.

"Iko," Evarista alijibu, kwa kuwa Naipanoi ndiye aliyewahi kumfundisha salamu hiyo ya Kimaasai, pale mapokezi, katika siku zilizokuwa rahisi zaidi.

Alieleza yote, amesimama: Emilian, agizo, orodha, ile alama ya vema. Naipanoi alimsikiliza bila kuacha kuosha. Alipomaliza, binti yule aliweka kibuyu chini.

"Siku ile ulikuwa unajua kwamba si mimi?"

"Hapana. Sikujua."

"Sasa kwa nini ulikataa kufungua simu yangu?"

"Kwa sababu ni simu yako."

"Dada Eva." Naipanoi alijifuta mikono kwenye khanga, taratibu, kama mtu anayejizuia. "Walinzi wamenishika mbele ya wageni. Nimekaa kwenye benchi saa nzima. Wewe unatoka, unanipa simu, unasema chukua, unaondoka. Watu wote wameona. Wakasema, huyo Eva amemficha mwenzake, simu ina mambo. Ungefungua wangeona hakuna kitu. Kukataa kwako ndiko kulikonifukuzisha."

 

"Uliniuliza mimi?" Naipanoi aliendelea. "Nilikuwa hatua kumi. Ungetoka uniulize, Naipanoi, unataka tufungue au hutaki? Mzee ameamua juu ya simu yangu, na wewe ukaamua juu ya simu yangu. Mimi nimekaa kwenye benchi."

Evarista alikuwa amepima mambo mengi njia nzima, na hilo hakulipima. Lilimwingia kama ubaridi. Alikumbuka kikao cha kaka zake.

"Nisamehe," alisema. "Sikukuuliza. Nilipaswa kukuuliza."

Nanyori aliuliza kitu kwa Kimaasai, na Naipanoi akamjibu kwa kirefu. Mama akacheka kwa ghafla, akasema neno moja, akaingia ndani.

"Amesema nini?"

Naipanoi alisita, kisha akacheka naye, bila kupenda. "Amesema nikuambie ukweli. Kwenye simu kulikuwa na barua ya kuomba kazi Arusha. Hoteli nyingine. Mzee angeiona, angenifukuza hapohapo." Uso wake ukarudi kuwa mkali. "Lakini hilo lilikuwa langu kuamua. Usije ukasema ulikuwa sahihi."

"Sisemi."

"Usiseme hata basini ukirudi."

Walikunywa chai ya maziwa. Naipanoi alitoa masharti yake kama aliyeyaandaa kwa majuma. Atarudi kama hoteli ya Arusha haitajibu. Atarudi bukingi, siyo mapokezi, na afundishwe kazi yenyewe. Na Mzee aandike barua ya kumsafisha jina, isomwe mbele ya walinzi walewale.

Mambo hayakuisha vizuri yote. Wakala mmoja aliivunja mikataba yake na kampuni. Wa pili alibaki, akaandika kwamba ni mara ya kwanza kupokea taarifa yenye jina la aliyekosea, na kwamba anategemea itakuwa ya mwisho. Yule mjane Evarista alimwandikia mwenyewe. Mama yule alijibu kwamba anashukuru kuambiwa, na akaomba kila alichowahi kuandika kifutwe. Kikafutwa. Hakuja Ngorongoro. Emilian, alipoandikiwa na wakili, alijibu kwamba alikuwa anahifadhi tu mawasiliano ya kikazi, na akawatakia msimu mwema.

Arusha haikujibu. Mwanzoni mwa Julai Naipanoi alishuka langoni pa hoteli na begi lake. Walinzi walikusanywa, Goodness akatoka, na Mzee Silvanus akasimama kibarazani na barua aliyoiandika mwenyewe, akikunja uso kama anayemeza dawa. Aliisoma haraka. Ilikuwa na mistari minne, na ndani yake lilikuwemo neno "samahani", jambo ambalo wafanyakazi wa zamani walisema hawajawahi kulisikia likitoka kinywani mwake. Akamkabidhi.

Naipanoi aliisoma upya, kimya, mwanzo mpaka mwisho. Kisha akamwomba Goodness kalamu.

"Mzee, jina langu limekosewa. Umeandika Naipanui. Ni o."

"Si inaeleweka?"

"Naomba iandikwe upya."

 Mzee alimgeukia Evarista, kama vile hili nalo ni kosa lake, na Evarista akatazama miti. Hatimaye Mzee akaichukua barua, akavaa miwani yake, akarudi ofisini akinung'unika. Walimsikia akivuta kiti. Naipanoi aliweka begi chini na kukaa kungoja, na Evarista akaenda kukaa kando yake.